Mkoba Usiosema Kilichomo



Mama mmoja wa Lubumbashi ametuandikia barua, akituomba tumsaidie kumaliza ubishi ulioingia nyumbani mwake. Mume wake ni mpiga picha wa arusi, ubatizo na sikukuu za shule, na kazi hiyo ndiyo inayowalisha, kuwavika na kuwasomesha watoto. Mwaka jana, usiku, akitoka arusini, baba huyo aliporwa mkoba wake. Ndani yake mlikuwa na kamera ambayo bado haijalipwa yote, na pamoja nayo picha zote za arusi ile. Siku chache baadaye ikambidi aende kwa wazazi wa bibi arusi, awaambie kwamba hakuna hata picha moja iliyosalia.

Sasa baba amepata kamera nyingine kwa fedha alizokopeshwa na ndugu zake, naye ataka kununua mkoba mpya wa begani. Ameuona dukani: mweusi, wenye kung'aa, nao umeandikwa jina la kiwanda cha kamera kwa herufi kubwa nyeupe. Mama hakubali. Asema: "Fedha hizo ni karo ya watoto. Itie kamera katika mfuko wa soko, chini ya mboga, wala hakuna atakayeiona." Baba ajibu: "Mtu wa kazi sharti aonekane kuwa ni mtu wa kazi."

Nani ana haki? Sisi twaona kwamba kila mmoja anayo nusu.

Tuanze na nusu ya mama. Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwizi wa njiani hajui tofauti ya lenzi na lenzi. Hana elimu hiyo wala haihitaji. Yeye husoma kibao tu. Ule mkoba wenye herufi nyeupe ni kibao kilichoandikwa: "Humu mna kitu cha thamani, nacho chachukuliwa na mtu mmoja aliyechoka." Wageni wa arusi hawajali kibao hicho, kwa maana walikwisha kuiona kamera mkononi mwa mpiga picha tangu asubuhi. Kinamfaa mwizi peke yake.

Lakini baba naye ana nusu yake. Mfuko wa soko hauna kuta wala sakafu. Katika pikipiki ya kukodi, juu ya mashimo ya barabara za Katuba au Ruashi, kamera hugongana na lenzi, na lenzi hugongana na taa ya kumulika. Vumbi jekundu la kiangazi hupenya kila mahali, na mvua ya Januari haingoji mtu afike nyumbani. Tena vishikio vya mfuko wa soko vimefanywa kwa ajili ya mchicha na unga wa siku moja. Kamera ikianguka chini, haiulizi kama imeangushwa na mwizi au na mfuko uliokatika.

Basi hawa wawili wanatafuta kitu kimoja bila kujua: mkoba ambao nje yake ni ya mama na ndani yake ni ya baba.

Wala hao si wa kwanza kuutafuta. Huko Uingereza, mwaka 1973, kilianzishwa kiwanda cha Billingham, ambacho kazi yake ya kwanza ilikuwa kushona mikoba ya wavuvi wa ndoana. Mwishoni mwa miaka ile ya 1970 wenye kiwanda waligundua kwamba huko New York mikoba yao mingi ilikuwa ikinunuliwa na wapiga picha. Sababu yaeleweka: mkoba ule ulihimili maji, ulikuwa imara, tena nani angemwibia mvuvi nyambo zake? Katika miaka hiyohiyo, Jim Domke, mpiga picha wa gazeti la Philadelphia Inquirer huko Marekani, alijitungia mkoba wa turubai la pamba, laini, usio na urembo wowote, uliolala ubavuni mwake kama mfuko wa mtu yeyote mwenye safari. Mkanda wake ulizunguka mkoba wote na kupita chini yake, hata uzito ukachukuliwa na mkanda wenyewe, si na mshono wa pembeni. Mikoba ya namna hizo mbili ingali inashonwa hata leo. Wapiga picha hao walijua kwamba mkoba mwema ni ule unaofanana na mkoba wa kazi nyingine.

Basi baba aangalie nini anapochagua? Twamshauri mambo matano.

Kwanza, kipimo. Asiende dukani na macho tu. Aweke mezani vitu anavyovichukua kweli siku ya arusi, si vile anavyotamani kuvipata mwakani. Kamera ya kazi pamoja na lenzi yake ya kila siku ina uzito wa kilo moja na nusu hata mbili. Lenzi ndefu yaweza kuongeza kilo moja na nusu nyingine, na taa ya kumulika karibu nusu kilo. Ukijumlisha betri, chaja, chupa ya maji na mkoba wenyewe, bega moja limekwisha kubebeshwa kilo tano au zaidi tangu asubuhi hata usiku. Mkoba mkubwa mno una ubaya wake: kila nafasi iliyobaki hujazwa, na bega ndilo linalolipa. Nao mdogo mno humlazimisha mtu kutoa vitu vitatu hadharani ili apate kimoja.

Pili, kitambaa. Turubai nene la pamba ni zuri, kwa maana nyuzi zake huvimba zikilowa na kuziba nafasi za katikati. Likitiwa nta, maji huteleza juu yake. Lakini turubai la nta halifuliwi kwa sabuni na maji ya moto. Hupanguswa tu kwa kitambaa chenye unyevu. Nailoni nene ni nyepesi tena ngumu kuchanika. Lakini mtu aitazame kwa ndani, kwa maana utando unaozuia maji huchakaa kwa joto na miaka, ukaanza kubanduka na kunata. Ngozi hudumu sana, ila huota ukungu wakati wa masika isipoangaliwa. Katika rangi, kaki, kahawia au kijivu hushinda nyeusi. Mkoba mweusi hupata joto kali juani, na vumbi letu jekundu huonekana juu yake mara moja.

Tatu, mkanda. Hapa ndipo mikoba mingi ya bei rahisi inapofia. Upana wake uwe sentimita 4 hata 5, ili usikate bega. Uwe mrefu wa kutosha kupita kifuani kutoka bega hili hata ubavu wa upande wa pili, kwa maana mkanda unaoning'inia bega moja huchomolewa kwa mkono mmoja. Tazama mahali unapokutana na mkoba: mshono mmoja wa mstari hautoshi, uwe wa mraba wenye msalaba katikati, nao ushike kitambaa zaidi ya tabaka moja. Bizimu na kulabu ziwe za chuma kizito au za shaba, kwa kuwa zile za plastiki hupasuka bila kutoa habari.

Nne, mdomo. Kifuniko kiwe kipana, kishuke mbele na kufunika pembe zote mbili, ili mvua isipate njia. Chini ya kifuniko zipu yafaa, lakini iwe yenye meno makubwa, yasiyokwama kwa mchanga. Tujihadhari na zile kanda za kunata ambazo hulia "kraa" kila zinapobanduliwa. Padri anawauliza maharusi kama wanakubaliana, watu wote wamenyamaza, na mpiga picha anafungua mkoba wake! Sisi wenyewe tumewahi kusikia sauti hiyo kanisani, na nyuso zote ziligeuka nyuma.

Tano, ndani. Kila kitu kiwe na chumba chake, na kati ya chumba na chumba pawe na ukuta wa sponji. Kitambaa cha ndani kiwe cha rangi nyeupe au ya manjano, kwa maana vifaa vingi ni vyeusi, na katika giza la ukumbi kifuniko cheusi cha lenzi hupotea ndani ya mkoba mweusi kama sindano katika majani.

Hapa mama atauliza: mkoba kama huo, wenye mambo matano, hautakula karo yote? Si lazima. Katika miji yetu mna mafundi wanaoshona maturubai ya malori, na mafundi wa viatu wenye sindano za kupenya ngozi. Fundi wa namna hiyo, akipewa kielelezo kilichochorwa na vipimo vilivyoandikwa, aweza kushona mkoba wenye nguvu kushinda ule wa herufi nyeupe. Kwa kuta za ndani asitumie sponji ya godoro, kwa kuwa hunywa maji na kuyatunza. Atumie ile ngumu inayofanyiwa ndara na mikeka ya kulalia, yenye unene wa sentimita moja. Kisha baba aujaribu kabla ya kuutia kamera. Atie ndani yake kilo sita za unga, autundike ukutani usiku kucha, na asubuhi aitazame mishono. Halafu atie gazeti kavu, afunge, amwagie vikombe viwili vya maji juu ya kifuniko. Gazeti likitoka kavu, amlipe fundi na kumshukuru.

Lakini mkoba ulio bora hauwezi kumlinda mtu asiyejilinda. Sokoni na penye msongamano uvaliwe mbele, si mgongoni. Juu ya pikipiki ukae kati ya abiria na dereva. Mtu akiketi kula, apitishe mguu wake ndani ya mkanda. Asiufungue njiani ili kuonyesha rafiki. Ule ukanda wa kamera wenye jina la kiwanda, unaotoka nao sandukuni, ubadilishwe, kwani wafanya kibao kilekile tulichokikataa. Na nyumbani, katika daftari la familia, iandikwe namba ya kiwanda iliyochorwa chini ya kamera, ili ikipatikana mtu aweze kuonyesha kwamba ni yake.

Vilevile, wakati wa mvua, ambao kwetu Katanga ni hasa tangu Novemba hata Machi, vifaa visilale ndani ya mkoba uliolowa. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 60 hivi kwa muda mrefu, kuvu huweza kuota juu ya vioo vya lenzi, na kuvu hiyo hula kioo polepole. Mkoba uachwe wazi, ukauke kivulini, na vifaa vikae mahali pakavu penye hewa.

Tumeliacha nyuma jambo lililo kubwa kuliko yote. Katika barua ile, kilichotuumiza zaidi si kamera. Kamera imekwisha kununuliwa nyingine. Lakini bibi arusi yule hataolewa mara ya pili ili apigwe picha, na pengine bibi yake aliyecheza siku ile hatacheza tena. Kwa hiyo twamwomba baba: kadi ya kumbukumbu ikijaa, isirudi mkobani. Itiwe katika kikasha kidogo, na kikasha kitiwe katika mfuko wa shati wenye kifungo, karibu na mwili. Kama kamera yake yaweza kuandika picha katika kadi mbili kwa pamoja, afanye hivyo. Mkoba ukichukuliwa, hasara iwe ya mpiga picha, isiwe ya watu waliomwamini.

Neno moja tena kwa vijana wa kazi hii. Mkoba na ujifiche, lakini mpiga picha asijifiche. Tumeona watu wakitumia mkoba usioonekana ili wampige picha mama aliye matangani au mgonjwa kitandani bila kumwuliza. Huo ni wizi pia, ingawa mwizi wa namna hii hakimbii. Mtu na aseme yeye ni nani, aombe ruhusa, kisha afungue mkoba wake mbele ya wenyewe.

Basi, mama, mwachie baba mkoba, kwa kuwa ndio boma la shamba lenu. Nawe, baba, mwachie mama kuchagua sura yake ya nje. Ketini pamoja jioni moja, wekeni vifaa mezani, pimeni, choreni, kisha nendeni kwa fundi nyote wawili. Mkoba ukiisha kushonwa, na jirani akawauliza mmenunua mfuko wa nini, jueni ya kuwa fundi ameifanya kazi yake vema.

Kwa herini, hata juma lijalo.