Vita na Kiti cha Enzi Kilichokwisha Kulegea



Kila tarehe 21 Oktoba Kanisa humkumbuka Mwenyeheri Karl, Kaizari wa mwisho wa Austria na Mfalme wa Hungaria, aliyetangazwa na Baba Mtakatifu Yohane Paulo II mwaka 2004. Nasi huulizwa: yawezekanaje mtawala mchamungu namna ile akapoteza, kwa miaka miwili tu, milki ya ukoo uliotawala Austria zaidi ya miaka 600? Wapo wasemao upole wake ndio uliomponza. Hatukubaliani nao. Milki ile iliangushwa na vita vilivyochaguliwa na wengine kabla yeye hajaketi katika kiti cha enzi.

Nyumba yenyewe ilikuwa na nyufa, hilo halina ubishi. Mwaka 1866 ilishindwa vitani na Prussia. Mwaka uliofuata Kaizari Franz Joseph akalazimika kugawana mamlaka na Wahungaria. Wacheki, Wakroatia, Waromania na wengineo wakabaki wakinung'unika. Hata hivyo watu wapatao milioni 50 waliendelea kulima, kusafiri kwa treni na kubishana bungeni. Nyumba yenye ufa hukalika miaka mingi, mradi pasitokee wa kuitikisa.

Mtikiso ukaja mwaka 1914. Mrithi wa kiti, Franz Ferdinand, alipouawa Sarajevo tarehe 28 Juni, washauri wa Kaizari mzee waliamini kwamba kuipiga Serbia kungerudisha heshima ya dola. Mwinjili Luka, katika sura ya 14, anamtaja mfalme anayeketi kwanza kuhesabu askari wake kabla ya kwenda vitani. Mabwana wale wa Vienna hawakuhesabu, au walihesabu jeshi la Serbia wakalisahau la Urusi. Vita vikaenea dunia nzima, hata huku kwetu. Jina la Kariakoo lingali linawakumbuka wapagazi wa vita hivyo.

Tutazame jinsi vita vilivyofanya kazi yake. Kabla ya 1914 jeshi lilikuwa kamba iliyoyafunga mataifa yale pamoja. Ofisa alipaswa kujifunza lugha ya askari wake, iwe Kicheki, Kipoland au Kikroatia. Katika miezi ya mwanzo, huko Galicia na Serbia, maofisa wengi wa namna hiyo waliuawa au kutekwa. Waliowafuata mara nyingi hawakuweza hata kuzungumza na vijana waliowaongoza. Kisha ukaja upungufu wa mkate. Hungaria ilikuwa na nafaka lakini haikupenda kuigawa, na Vienna ikalala njaa. Januari 1918 mgao wa unga ulipopunguzwa, wafanyakazi wa viwandani waligoma kwa malaki. Mama aliyepanga foleni usiku kucha akarudi mikono mitupu hakuhitaji mwanasiasa wa kumweleza kwamba serikali yake imeshindwa.

Karl alipokea kiti tarehe 21 Novemba 1916, akiwa na miaka 29. Machi 1917 alimwandikia shemeji yake, Sixtus, barua ya siri ya kutafuta amani na Ufaransa, na wito wa amani wa Baba Mtakatifu Benedikto XV wa Agosti mwaka huo aliupokea kwa moyo. Lakini dola lake lilikwisha kuitegemea Ujerumani, na Ujerumani haikutaka amani ya namna hiyo. Aprili 1918 waziri mkuu wa Ufaransa, Clemenceau, aliichapisha ile barua. Karl akakana sehemu yake, na hapo hatumtetei. Kutangazwa mwenyeheri si kusema kila neno la mtu katika siasa lilikuwa sawa. Mwezi uliofuata alilazimika kwenda Spa kujifunga zaidi na Ujerumani. Mataifa ya upande wa pili yakaona hakuna tena Austria ya kuzungumza nayo, yakaanza kuwatambua Wacheki na Waslovakia waliotaka nchi yao.

Tarehe 16 Oktoba 1918 Karl alitoa tamko la kuifanya Austria shirikisho la mataifa. Lilikuwa jambo jema, ambalo lingeweza kuokoa mengi kama lingefanywa mwaka 1900 au hata 1913. Lakini katika Oktoba ile ya njaa, kila taifa lilisoma humo ruhusa ya kuondoka. Kufikia mwisho wa mwezi Wacheki, Waslavi wa kusini na Wahungaria walikuwa wamekwenda zao. Tarehe 11 Novemba alijiondoa katika shughuli za serikali. Kesho yake Austria ikatangazwa jamhuri.

Mwaka 1921 alijaribu mara mbili kukirudia kiti cha Hungaria, bila mafanikio, kisha akapelekwa uhamishoni kisiwani Madeira. Alifia huko kwa homa ya mapafu tarehe 1 Aprili 1922, akiwa na miaka 34, huku mkewe Zita akiwa na mimba ya mtoto wa nane. Kaburi lake lingali katika kanisa la Mama Yetu wa Monte, mlimani juu ya Funchal.