Mutuachie mchezo wa zamani

Jioni Misisi, wachimbaji wakishatoka kwenye mashimo, kuna kelele moja inayopita hata ile ya muziki: ni vijana wanaocheza mpira kwa PlayStation 2. Jenereta inanguruma inje, maneti zimefungwa na kauchu, na PDG wa shimo anafungwa bao na mtoto wa mama muuza ndagala. Mashine hiyo ilitoka mwaka wa 2000. Mchezo wa mwisho wa PES ambao Konami iliutengenezea ni PES 2014. Lakini majina ya wachezaji kwenye televizyo ni ya leo. Namna gani?

Ni kwa sababu kuna vijana wanaochukua mchezo wa zamani na kubadilisha majina, jezi na timu. Brazil wanafanya hivyo toka zamani. Yao inaitwa Bomba Patch. Tuseme ukweli: sheria haiko upande wao. Lakini kazi hiyo wanaiweza, wakati kompani kubwa, na pesa yote iko nayo, mara nyingine inashindwa.

Mwaka wa 2021 Rockstar ilirudisha michezo yake 3 ya zamani ya GTA, na San Andreas ya 2004 ndani. Kumbe mvua ilikuwa inafunika macho ya mchezaji, sura za watu ziliharibika, na nyimbo zingine hazikuwepo tena. Mubaya zaidi, ilikuwa imeshatoa ile ya zamani sokoni. Watu walilalamika, kompani ikaomba msamaha na kurudisha ya zamani kwa wenye kompyuta. Mwaka ule ule Konami iliacha jina la PES, ikaleta eFootball ya bure kwa njia ya intaneti. Nayo iliomba msamaha.

Si kwamba kazi ni nyepesi. Ruhusa ya wimbo ao ya jina la mchezaji inalipiwa kwa muda fulani. Muda ukiisha, lazima kulipa tena ao kuondoa. Kazi za kwanza za mafundi nazo zinaweza kupotea: mchezo Kingdom Hearts wa 2002, waliotaka kuutoa upya walilazimika kujenga tena sehemu nyingi.

Sisi tunajua kurudilia mchanga uliokwisha kusafishwa. Ukiusafisha vizuri, unapata dhahabu iliyobakia. Lakini hakuna mchimbaji mwenye akili anayeutupa mtoni mbele ya kujua kama njia mupya itafaa.

Basi maoni yangu ni haya: mutengeneze upya, hatukatai, lakini ya zamani ibaki sokoni, tena ichezwe bila intaneti. Mtoto wa Misisi ao wa Baraka hawezi kila mara kununua mega kwa ajili ya mechi moja. Diski haimuulizi hata franka moja ya mega.

Watu wengine watasema ni mambo ya watoto. Hapana. Ndani ya mashine hizo muko dhahabu kidogo, ya aina ile ile tunayoichimba kwa jasho. Kama vitu vyetu vinaingia ndani yake, si vizuri mlango wa kucheza ufungwe mbele ya watoto wetu.

Na wewe mzazi, ile diski ya zamani usiitupe.