Mahindi yanapimwa mpakani, damu yetu nani anaipima?

Wadau, mnakumbuka sekeseke la Machi 2021? Tarehe 5 mwezi ule mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya iliwaandikia watu wa forodha barua fupi tu: mahindi ya Tanzania na Uganda yasiingie, yana sumukuvu kupita kiwango. Malori yakakwama Namanga, na huku mtandaoni Wabongo na Wakenya tukaanza kurushiana maneno kama kawaida yetu. Siku chache baadaye wakalegeza, mzigo uje na cheti kuonyesha kwamba sumu haizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Mwezi Mei Rais Samia akaenda Nairobi, mambo yakapoa, mahindi yakapita.

Sasa katika kelele zote zile tulibishana kuhusu gunia la nani ni chafu. Swali la wale waliokwishayala hayo magunia, wa kule na wa huku, kwamba wana sumu kiasi gani mwilini, halikupata nafasi. Na jamani, hilo swali lina jibu! Linapimika, na limeshapimwa mara kadhaa, tena majibu yake yanatisha kuliko barua ile.

Kwanza tuelewane. Sumukuvu (Wakenya wengi wanasema aflatoksini) inatengenezwa na fangasi anayeota kwenye mahindi, karanga na mazao mengine, hasa ukame ukiyapiga shambani halafu yakahifadhiwa yakiwa na unyevu. Haina harufu wala ladha ya kukushtua. Punje inaweza kuonekana safi kabisa. Na ugali usonge mpaka jasho likutoke, moto wa jikoni hauimalizi. Kuchambua punje mbovu kunasaidia, kukoboa kunasaidia, kwa sababu sehemu kubwa ya sumu inabaki kwenye pumba. Na pumba tunampa nani? Ng'ombe na kuku. Hapo tutarudi.

Ukila chakula chenye sumu hii, ini linajaribu kuivunja, na katika kuivunja linazaa kitu kikali zaidi kinachong'ang'ania chochote kilicho karibu. Kingine kinanasa kwenye vinasaba vya seli za ini, ndiyo maana sumukuvu iko kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha kansa kwa binadamu. Kingine kinanasa kwenye albumini, ile protini inayozunguka kwenye damu. Wataalamu wakichukua tone la damu wanaweza kuhesabu albumini iliyonasa sumu. Alama ya namna hiyo ndiyo wanaiita bayomaka, yaani ushahidi ambao mwili wenyewe unautunza.

Mkojo nao unaonyesha, ila mkojo unasimulia ulichokula jana na juzi. Albumini inakaa wiki kadhaa kabla ya kubadilishwa, kwa hiyo damu inasimulia miezi miwili mitatu iliyopita. Ni kama daftari la madeni kwa Mangi. Wewe unaweza ukasahau ulichukua nini, daftari halisahau. Ndiyo maana kupima gunia moja hakutoshi. Gunia lile lile kona moja ina sumu, nyingine haina, na wewe hukula gunia hilo tu, umekula ya shangazi kijijini, ya hotelini na ya mashine ya mtaani.

Mwaka 2004 kule Makueni, Kitui na wilaya za jirani watu walianza kugeuka macho ya njano, matumbo yakivimba. Hadi mwisho walihesabiwa wagonjwa 317, na 125 kati yao walifariki. Watafiti wakazunguka masoko 65 na kupima sampuli 350 za vyakula vya mahindi. Zaidi ya nusu zilipita kiwango cha Kenya cha wakati ule, mikrogramu 20 kwa kilo, na asilimia 7 zilikuwa na zaidi ya mikrogramu 1,000!

Halafu wakafanya jambo ambalo mimi nadhani ndilo la maana kuliko yote. Walichukua wagonjwa 40 na wenzao 80 wa vijijini mle mle ambao hawakuugua, wakapima damu. Wagonjwa walikuwa na wastani wa nanogramu 1.2 za alama ile kwa kila miligramu ya albumini. Wasiougua walikuwa na 0.15. Tofauti ni mara nane, kesi imeisha, mchawi kapatikana. Lakini itazame ile 0.15. Hao ni watu wazima wa afya, wanalima, wanacheka, hakuna aliyewahesabu popote, na sumu wanayo. Mlipuko unaoandikwa magazetini ni kilele tu, chini yake kuna umati unaokula kidogo kidogo kila siku.

Ukubwa wa umati huo ulionekana baadaye. Kenya ilikuwa na damu iliyotolewa nchi nzima kwenye utafiti wa UKIMWI wa 2007, ikiwa imehifadhiwa kwenye majokofu. Wataalamu wakachukua sampuli karibu 600 na kupima sumukuvu. Asilimia 78 walikuwa nayo. Mashariki ndiko ilikokuwa juu zaidi, kule kule kwa 2004, na Nyanza ilikuwa chini. Mwaka 2007 haukuwa wa mlipuko mkubwa kama ule, ulikuwa mwaka wa kawaida wa ugali na githeri.

Na huku kwetu? Msifikiri tumepona. Watafiti waliwafuatilia watoto 166 wa Tabora, Iringa na Kilimanjaro, wengine hata miezi sita vizuri walikuwa hawajapita. Mwanzoni tu zaidi ya asilimia 80 walikuwa na alama ya sumukuvu kwenye damu, na walipozidi kukua na kunywa uji zaidi karibu wote walikuwa nayo. Kwenye mkojo wao ilikutwa pia sumu nyingine ya fangasi wa mahindi, inaitwa fumonisini, nayo karibu kwa wote. Mtoto hajaota meno yote, tayari ana daftari.

Hapa nitasema kitu ambacho wapiga kampeni hawatakipenda. Kuna watu wanatangaza kwamba sumukuvu ndiyo inayosababisha udumavu, nukta. Kwenye utafiti huo wa watoto wetu, waliokuwa na fumonisini nyingi ndio walikuwa wafupi zaidi, uhusiano na sumukuvu haukuwa wazi. Kenya, upande wa Meru na Tharaka-Nithi, walijaribu kuzibadilishia familia mahindi machafu kwa masafi, wakitumia damu kuona kama kweli inasaidia. Sumu kwenye damu ya watoto ilishuka karibu robo. Urefu wao uliongezeka kidogo katikati ya mradi, lakini mwisho wa mradi tofauti haikuonekana tena. Kwa hiyo kwenye udumavu bado kuna mabishano ya haki, na bila bayomaka hata kubishana kwa akili tusingeweza, tungebaki na hisia.

Kwenye kansa ya ini hakuna mabishano. Shanghai, Uchina, wanaume 18,244 walitoa mkojo na damu, vikahifadhiwa, wakafuatiliwa. Wenye alama za sumukuvu kwenye mkojo hatari yao ilikuwa kama mara tatu. Wenye virusi vya homa ya ini B, mara saba. Wenye vyote viwili, karibu mara sitini! Vijana mnaosoma hapa, chanjo ya homa ya ini B kwa watoto iliingia Kenya 2001 na Tanzania 2002. Uliyezaliwa kabla ya hapo, nenda kapime. Kipimo hicho kipo na chanjo ipo. Cha sumukuvu hutakipata hospitali ya wilaya, na hata ungekipata hakuna dawa ya kuitoa, kwa hiyo wale wanaowauzia vichupa vya "kusafisha sumu" stendi, hela zenu tunzeni.

Turudi kwa mifugo. Sumukuvu yenyewe iligunduliwa kwa sababu ya ndege. Uingereza mwaka 1960 walikufa bata mzinga zaidi ya laki moja, wakauita ugonjwa X kwa kutojua, kumbe ni mashudu ya karanga waliyolishwa. Machakos mwaka 1981 walilazwa watu 20 na 12 wakafa, na kabla yao njiwa na mbwa walishaanza kufa. Mbwa anakula makombo ya ugali ule ule, ila yeye ni mdogo na hana chakula kingine. Mbwa watano wakifa kijijini na macho ya njano, hiyo ni taarifa ya maabara ya bure, lakini kibongobongo tunasema wamelishwa sumu na jirani, tunazika, maisha yanaendelea.

Ng'ombe yeye hafi haraka. Akila pumba au mashudu yenye sumu, ini lake linageuza sehemu ndogo, kama asilimia moja hadi tatu, kuwa sumu nyingine inayoitwa M1, na ndani ya siku moja iko kwenye maziwa. Ukimbadilishia chakula, siku chache baadaye inaisha. Kwa hiyo maziwa ni bayomaka ya zizi, ukipima maziwa umepima pumba. Kwa mama anayenyonyesha hivyo hivyo.

Mwaka 2016 zamu ikawa yetu, Dodoma na Manyara. Watu 68 waliugua na 20 walikufa, na mwanzoni uliitwa ugonjwa usiojulikana. Usiojulikana! Miaka kumi na miwili baada ya Makueni, dalili zile zile, mahindi yale yale. Tangu hapo serikali imefanya kazi, tusibeze. Mwaka 2018 ilizinduliwa Aflasafe ya Tanzania, yaani fangasi asiye na sumu anayemwagwa shambani kumsukuma mwenye sumu, na mradi wa TANIPAC umejenga maghala na kufundisha wakulima. Usimamizi wa chakula ukahamia TBS mwaka 2019. Ila maghala unaweza kuyahesabu yakiwa matupu, na mkulima anaweza kwenda semina, akala posho, akarudi kuanika mahindi chini. Kinachosema mradi umefanya kazi ni damu ya mtoto wa Kiteto kabla na baada.

Najua jibu la wakubwa, eti gharama. Kweli mashine ni ghali, sampuli za wale watoto wetu zilipelekwa Leeds, Uingereza. Lakini siku hizi tone la damu likikaushwa kwenye karatasi linatosha, ya mtu au ya mnyama, na karatasi haihitaji jokofu la kusafiri nalo. Na damu ya kuanzia ipo. Mwaka 2022 hadi 2023 tulifanya utafiti wa UKIMWI nchi nzima, maelfu ya Watanzania walitoa damu. Utafiti kama huo ujao, fomu ya ridhaa iongezwe mstari mmoja, mtu akubali au akatae, tone moja liende sumukuvu. Kenya walishaonyesha inawezekana.

Kinachozuia, kwa maoni yangu, ni hofu ya soko. Ukitangaza kwamba mkoa fulani watu asilimia kadhaa wana sumu kwenye damu, kesho jirani anafunga mpaka na ana sababu mkononi. Kwa hiyo tunapima kinachouzwa nje, kwa sababu mnunuzi kadai cheti, na anayekula nyumbani hana wa kumdai cheti.

Mlioko Kibaigwa, Namanga na Busia, mnaofanya kazi sokoni na kwenye malori, tuelezeni hapo chini kwenye maoni, hata bila majina: mzigo ukipimwa ukakataliwa, unakwenda wapi? Unachomwa, unageuzwa chakula cha kuku, au unarudi kusagwa mtaani?