Mchanga wa Kwale, mguu wa Landless

Ukiishi Landless, huhitaji kuelezwa ajali ya boda ni nini. Barabara ya Thika–Garissa iko hapo tu, na huenda unamjua kijana anayetembea na chuma mguuni. Lakini je, umewahi kuuliza chuma hicho ni cha aina gani?

Mara nyingi ni chuma kisichoshika kutu. Kwa mguu uliovunjika kawaida kinatosha, kwa hivyo usitishwe ununue cha bei kali. Shida huja mfupa ukisagika, au nyonga ikibadilishwa na kipandikizi kikabaki mwilini miaka mingi. Kipandikizi kigumu kupita kiasi hubeba mzigo wote. Mfupa ulio kando unakosa kazi, unadhoofika, na kipandikizi kinaanza kulegea. Aloi ya titaniamu ya kawaida ina ugumu wa takriban gigapaskali 110, ilhali mfupa mgumu una kama 10 hadi 30 hivi.

Ndiyo maana wahandisi hutengeneza titaniamu yenye vitundu kama sponji. Ugumu hupungua, na mfupa hukua ukaingia ndani ukajishikilia. Njia mojawapo ni kuyeyusha unga wa metali kwa leza, tabaka juu ya tabaka.

Sasa utasema: si titaniamu tunayo? Kweli, Base Titanium ilisafirisha shehena ya kwanza kutoka Kwale 2014, ikamaliza uchimbaji Desemba 2024. Lakini tusidanganyane. Sehemu kubwa ya madini haya duniani huishia kwenye rangi za kupaka, si kwenye mifupa. Kuyageuza kuwa metali kunahitaji klorini, magnesiamu na umeme mwingi. Hata mgodi mwingine ukifunguliwa kesho, bei ya nyonga Thika haitashuka kwa sababu hiyo.

Mlango wetu uko mwisho wa mnyororo: kununua unga, kuchora kipandikizi kutokana na picha za mgonjwa, kukichapisha na kukipima. JKUAT iko Juja, mwendo wa matatu moja tu. Kazi hiyo inataka mashine, maabara na ukaguzi mkali, kwa sababu kipandikizi kikivunjika ndani ya mtu hakuna cha “pole”.

Kwa hivyo mwanasiasa akija na hadithi za utajiri wa madini, muulize ni vijana wangapi watafunzwa kazi hii. Na wewe ukiwekewa chuma, uliza ni cha aina gani, kisha tunza ile karatasi. Daktari atakayekufungua baadaye ataihitaji.