Mlango Hufunguliwa kwa Mikono Miwili



Juma hili tuzungumze habari za tenisi, mchezo ambao wengi wetu tumeuona kwa mbali tu, nyuma ya ua. Watu wawili husimama kila mmoja upande wake wa wavu, wakapigiana mpira mdogo kwa raketi mpaka mmoja akosee. Mchezo wenyewe si mgumu kuueleza. Lakini historia ya shindano lake la taifa katika nchi ya Marekani ina fundisho linalowafaa wazazi na wanafunzi, hata wale wasiopata kushika raketi maisha yao yote.

Shindano hilo lilianza mwaka 1881 katika mji wa Newport, kando ya bahari, kwenye viwanja vya majani. Mshindi wa kwanza alikuwa kijana Richard Sears, naye alishinda mara saba mfululizo, mpaka mwaka 1887. Mwaka huo wa 1887 wanawake nao walipata shindano lao huko Philadelphia. Baadaye mashindano hayo yalihamia Forest Hills, katika mji wa New York: la wanaume mwaka 1915, la wanawake mwaka 1921.

Waliliita shindano la taifa. Lakini taifa ni nani? Marekani ilikuwa na mamilioni ya raia weusi, wajukuu wa watumwa waliochukuliwa kutoka Afrika, na wengine wao walitoka katika nchi zetu hizi za Kongo. Walilima mashamba ya nchi ile, wakajenga miji yake, wakapigana vita chini ya bendera yake. Walakini katika shindano lililobeba jina la taifa hawakukubaliwa.

Basi, walifanya nini? Hawakukaa kitako wakilia. Mwaka 1916, katika mji wa Washington, walikusanyika wakaunda chama chao wenyewe, American Tennis Association. Mwaka uliofuata, 1917, walifanya shindano lao la kwanza la taifa katika bustani ya Druid Hill, mjini Baltimore. Kwa wanaume alishinda Tally Holmes, na kwa wanawake Lucy Slowe, mwalimu wa shule. Mwalimu huyo ndiye mwanamke mweusi wa kwanza wa Marekani kupata ubingwa wa taifa katika mchezo wowote.

Kila mwaka walikutana tena, mara nyingi kwenye viwanja vya vyuo vya watu weusi, kwa kuwa hoteli nyingi ziliwafungia milango. Na walipobisha hodi kule kwingine, walifukuzwa. Mwaka 1929 vijana wawili, Reginald Weir na Gerald Norman, walijiandikisha katika shindano la taifa la vijana huko New York. Walipofika kucheza waliambiwa warudi nyumbani, kwa sababu ya rangi yao tu.

Tusisahau hasara ya mlango uliofungwa. Ora Washington alishinda ubingwa wa watu weusi mara nane kati ya miaka 1929 na 1937. Riziki yake aliipata kwa kazi za nyumbani katika nyumba za watu. Je, angaliweza kuwashinda mabingwa wa Forest Hills? Hakuna ajuaye, maana hakupewa hata siku moja ya kujaribu. Kipaji ni zawadi ya Mungu, na anayekizuia amemnyima mwenyewe, tena ameninyima mimi na wewe tusikione.

Sasa tumtazame binti mmoja, Althea Gibson, aliyezaliwa mwaka 1927 katika jimbo la South Carolina na kukulia Harlem, mjini New York. Alikuwa mtoto mkaidi, mtoro wa shule. Mwaka 1946 waganga wawili weusi, Hubert Eaton na Robert Walter Johnson, walimwona akicheza wakakitambua kipaji chake. Hawakumpa raketi tu. Walimtunza nyumbani mwao kama mtoto wao, mmoja wakati wa masomo, mwingine wakati wa likizo, naye akarudi darasani na kumaliza shule mwaka 1949. Kuanzia mwaka 1947 alishinda ubingwa wa chama chao mara kumi mfululizo.

Hata hivyo mlango wa Forest Hills ulibaki umefungwa. Ndipo uliponyoshwa mkono wa pili, kutoka ndani. Alice Marble, mwanamke mweupe aliyeshinda shindano lile mara nne, aliandika barua katika gazeti la tenisi mwezi wa Julai 1950. Aliwaambia wenzake waziwazi kwamba kumzuia Gibson ni aibu yao wenyewe. Kama ana uwezo wa kuwashinda, basi na apimwe kiwanjani. Mwezi uliofuata Gibson aliingia Forest Hills, mweusi wa kwanza katika shindano lile.

Alishinda mchezo wake wa kwanza. Katika wa pili alikutana na Louise Brough, bingwa wa Wimbledon. Gibson alikuwa mbele, 7 kwa 6 katika seti ya mwisho, tufani ilipowakatiza. Kesho yake Brough alishinda, 9 kwa 7. Wengi wangalivunjika moyo. Yeye alirudi kwenye mazoezi. Mwaka 1957 walikutana tena katika fainali ya shindano hilo, na Gibson akamshinda Brough 6 kwa 3, 6 kwa 2. Mwaka 1958 akashinda tena.

Mganga Johnson aliendelea kuwafundisha vijana, akawapa amri ngumu: mpira ukianguka nje kidogo ya mstari, upigeni kama ulioanguka ndani, msibishane na mwamuzi. Je, ilikuwa haki? Haikuwa haki. Johnson alijua kwamba watu walikuwa wakingoja sababu ndogo tu ya kuwafukuza wanafunzi wake, naye hakutaka kuwapa. Upole wake haukuwa woga. Lakini tusidanganyike: upole wa anayeonewa haumsafishi yeye anayeonea.

Mmoja wa wanafunzi hao alikuwa Arthur Ashe, mtoto wa mlinzi wa bustani ya watu weusi mjini Richmond. Mwaka 1968, shindano la taifa lilipofunguliwa kwa mara ya kwanza hata kwa wachezaji wa kulipwa, Ashe ndiye aliyeshinda kwa wanaume. Hakuishika zawadi ya dola 14,000, kwa sababu alikuwa bado mchezaji wa ridhaa. Naye alipokwisha kuingia hakuufunga mlango nyuma yake. Mwaka 1971, akiwa Yaoundé nchini Kameruni, alimwona mtoto aitwaye Yannick Noah, akawaarifu wakubwa wa tenisi wa Ufaransa. Mwaka 1983 Noah alishinda shindano kubwa la Ufaransa, mjini Paris. Na tangu mwaka 1997 kiwanja kikuu cha shindano la Marekani kinaitwa kwa jina la Arthur Ashe.

Wanafunzi wapenzi, wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Vivyo hivyo mkono mmoja haukuufungua mlango ule. Mkono wa nje ulikuwa wa wale waliofanya kazi miaka zaidi ya thelathini bila kukata tamaa, hata ulipofika wakati akawapo mtu aliye tayari. Kama hawangalijenga kiwanja chao, barua ya Marble ingalimtetea nani? Na mkono wa ndani ulikuwa wa yule aliyekwisha kuketi kwenye kiti kizuri, akakubali kusema.

Ukiwa nje leo, jitayarishe. Usingoje kualikwa ndipo uanze kujifunza. Lakini wengi wetu tuko ndani pahali fulani: katika kwaya, katika kamati ya parokia, katika darasa. Je, yupo anayesimama nje kwa sababu ya kabila lake, au umaskini wa jamaa yake, au kwa kuwa ni msichana? Bwana wetu alitufundisha kubisha hodi. Hakutufundisha kukaa ndani na kujifanya hatusikii.