Burley Si Laini, na Asili Yake Si ya Babu Yako

Haya wandugu, leo hifadhidata zikae kando kidogo. Kuna maneno mawili yananikera, na kinachoniuma zaidi ni kwamba yanasemwa na watu ninaowaheshimu, watu wanaoandika programu safi kuniliko. Maneno yenyewe ni "laini" na "ya asili". Hayahusu programu. Yanahusu tumbaku ya kiko.

Hapa Mtwapa nina marafiki wachache wanaofanya kazi za wateja wa ng'ambo. Usiku wao ni mchana wa Marekani. Mmoja aliletewa kiko cha mti na kopo la burley na mgeni wake, wa pili akaiga, wa tatu akaiga. Sasa kila tukikaa barazani nasomewa hotuba ile ile: sigara ni za wahuni, shisha ni ya watoto wa vilabu, bali burley ni tumbaku laini, ya asili, haina kemikali, ndiyo waliyovuta wazee wetu.

Kabla hujanirushia mawe, mimi mwenyewe navuta kiko. Navuta jioni, navuta burley, na naijua raha yake. Si tamu kama tumbaku zilizopakwa manukato ya matunda. Harufu yake ni ya korosho zinazokaangwa, na kwa mbali kakao. Inaungua polepole, haichomi ulimi, na mikono inapata kazi wakati kichwa kinatafuta kosa kwenye mstari wa mia nne na ngapi. Mtu akiniambia burley ni tamu, sina ubishi. Ubishi wangu ni hayo maneno mawili.

Tuanze na "laini". Ninyi ni mafundi. Mnajua tofauti ya sura ya programu na injini yake. Kitufe kinaweza kuwa cha kupendeza, rangi ya samawati, kona zimezungushwa, na nyuma yake kuna amri inayofuta diski nzima. Ulaini wa burley ni wa kitufe.

Wakulima wa Tanzania wanagawa tumbaku kwa namna inavyokaushwa, na majina yao yanaeleza kuliko ya kwenye makopo. Kuna tumbaku ya mvuke, ile ya Tabora na Urambo, inayokaushwa kwa joto ndani ya banda lililofungwa. Kuna tumbaku ya moshi. Na kuna tumbaku ya hewa, ambayo ndiyo burley: majani yanatundikwa bandani wiki kadhaa, upepo unapita, na muda wote huo jani bado linajila lenyewe. Sukari karibu yote inaisha. Ile ya mvuke inakaushwa haraka, kwa hiyo sukari inabaki ndani.

Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayofanya kazi yote. Moshi wa jani lenye sukari huwa na asidi, na nikotini yake haipiti vizuri kwenye ngozi ya mdomo, ndiyo maana mvutaji wa sigara hana budi kuushusha hadi mapafuni. Moshi wa jani la hewa huelekea upande wa besi, na hapo nikotini hupenya kupitia mdomo tu, bila hata kumeza. Na nikotini ya burley si haba. Mara nyingi inaizidi ile ya mvuke. Kwa hiyo yule anayejisifu kwamba "mimi simezi moshi" anapata mzigo wake kamili. Umepita mlango mwingine tu.

Na hao wazee wa kiko walioishi miaka mingi bila kuugua? Wapo. Lakini ripoti ya mganga mkuu wa Marekani ya mwaka 1964, ile iliyotikisa biashara ya sigara duniani, ilitaja waziwazi uhusiano wa kiko na saratani ya mdomo wa nje. Zaidi ya miaka sitini, jamani.

Wala si mimi niliyeanza kulikataa neno hili. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani kuhusu tumbaku, uliopitishwa mwaka 2003, unaligusa kwenye ibara ya 11 pamoja na ndugu zake: "laini", "nyepesi", "lami kidogo", kama mifano ya maneno yanayoweza kumdanganya mnunuzi kwamba bidhaa hii haina madhara kama nyingine. Kenya iliuridhia mwaka 2004. Sasa neno ambalo nchi iliona lifaa kuondolewa kwenye pakiti, ninyi mnalirudisha barazani bure, bila hata kulipwa na mwenye kiwanda!

Haya, "ya asili". Hapa ndipo damu yangu inapochemka.

Nenda pale Jumba la Mtwana, mwendo mfupi kutoka stendi, tembea kati ya kuta zile na misikiti yake. Mji ule ulihamwa katika karne ya 15. Columbus alivuka bahari mwaka 1492, Vasco da Gama akatia nanga Malindi mwaka 1498, na tumbaku ni mmea wa Amerika. Maana yake ni kwamba waliojenga Jumba la Mtwana, Waswahili hasa, hawakuvuta tumbaku hata siku moja. Hata jina lake lilikuja na meli.

Hiyo ni tumbaku kwa jumla. Burley nyeupe ina tarehe ya kuzaliwa iliyo karibu zaidi: mwaka 1864, jimbo la Ohio, Marekani. Mkulima alipanda mbegu zilizotoka Kentucky, ikaota miche iliyopauka, imepungukiwa na rangi ya kijani. Kwa lugha yetu ilikuwa hitilafu. Ikaonekana jani lake ni jepesi, linakauka vizuri na linanyonya vimiminika kama sifongo, basi hitilafu ikageuzwa sifa ya bidhaa. Sisi mafundi programu tusiwacheke, ndivyo tunavyofanya kila Ijumaa.

Shikilia hapo kwenye kunyonya. Kwa kuwa burley ikishakauka haina sukari na ina vinyweleo, ndiyo inayorowekwa kuliko zote: sukari, kakao, asali, na vingine ambavyo mwenye kiwanda hakutajii. Kile kikakao mnachokisifia kuwa ni "harufu ya jani lenyewe" mara nyingi ni kakao kweli, imetiwa. Tumbaku mnayoiita haina kitu ndiyo iliyoingizwa vitu vingi.

Na kopo la burley maarufu kuliko yote, Prince Albert, lililoanza kuuzwa mwaka 1907, kwa miaka mingi lilibeba maandishi kwamba namna ya kuitengeneza imesajiliwa kwa hataza tarehe 30 Julai 1907. Hataza! Kitu kile kile tunachokipigia kelele kila kampuni kubwa ya programu inapokichukua. Tangazo lake lilijivunia kwamba haing'ati ulimi. Watu walikaa wakabuni namna ya kuondoa mng'ato, wakausajili ubunifu wao, nawe miaka zaidi ya mia baadaye unaniambia ni ya asili.

Fikirini huo mng'ato ulikuwa nini. Mdomo unachomeka, unaweka kiko chini. Ni ujumbe wa hitilafu, tena ulioandikwa vizuri. Kisha anakuja mtu anaufunika: kosa likitokea, limeze, usimwonyeshe mtumiaji, endelea. Nikikuta msimbo wa namna hiyo kwa mwanafunzi wangu namrudishia kazi yake siku hiyo hiyo. Hapa tunauita ulaini na tunaulipia kwa dola.

Ukitaka kiko cha pwani, kipo, na lugha yetu imekihifadhi sehemu kwa sehemu. Kifuu cha nazi chenye maji, ambacho ndicho kiko chenyewe. Juu yake bora, pa kutilia tumbaku na kaa. Kutoka kwenye bora unashuka mti uitwao digali hadi majini. Kutoka kwenye kifuu unatoka mrija uitwao shilamu hadi mdomoni. Na ile sauti ya maji yakigugumia wakati mtu anavuta nayo ina jina, malio ya kiko. Mfumo mzima, kila tabaka na jina lake, bila neno moja la kuazima kutoka Silicon Valley. Waulize hao jamaa wa "asili" digali ni nini, watakutolea macho.

Sasa angalia kichekesho. Kiko hicho cha nazi na shisha ni ukoo mmoja: moshi unapita majini. Desemba 2017 Wizara ya Afya ilitoa kanuni za kupiga marufuku shisha nchini, kuvuta, kuuza, kuingiza na kutangaza. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ilikataa kuziondoa. Halafu Januari 2024, hapo Shanzu, ukivuka daraja letu kuelekea Mombasa, hakimu akawaachilia watu 48 walioshtakiwa kwa shisha. Sababu yake ni kwamba kanuni hazikupitishwa Bungeni inavyotakiwa. Sheria ya mwaka 2013 inataka kanuni zifikishwe Bungeni ndani ya siku saba za vikao. Zisipofikishwa, ni batili. Yaani mtu aliandika msimbo, hakumpa mwenzake aupitie, akaupandisha kwenye seva usiku, ukakaa hewani miaka sita ukiwakamata watu. NACADA ikajibu kwamba marufuku bado ipo. Mnyonge hapo amwamini nani?

Sitetei shisha. Maji hayasafishi moshi, na kikao kimoja kirefu kinakupa moshi mwingi kuliko sigara. Ninachouliza ni hiki: kijana wa Mtwapa aliyekaa na chombo cha maji anapakiwa kwenye gari la polisi, na mzee wa kizungu au fundi programu mwenye kiko cha mti anaitwa muungwana. Jani ni lile lile. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kuvutia hadharani, haibagui chombo. Anayebagua ni mkono unaoitekeleza, na hotuba zenu za "burley ni ya watu wastaarabu" ndizo zinazoupa mkono huo moyo.

Kuhusu siri za kopo, Kenya tulipigana vita vizuri ambavyo watu wa programu huria wangepaswa kuvifuatilia kuliko vile vya simu. Kanuni za tumbaku za mwaka 2014 zilidai kampuni zitaje viungo vyake kwa serikali, na zilipe asilimia mbili kwenye mfuko wa fidia. BAT ikaenda mahakamani mwaka 2015, ikashindwa, ikakata rufaa, ikashindwa mwaka 2017, ikaenda hadi Mahakama ya Juu, ikashindwa tena Novemba 2019. Safi. Lakini orodha inakwenda wizarani. Mimi nilalaye na harufu ya kopo chumbani sioni kitu. Dai langu ni dogo: orodha ibandikwe kwenye kopo, kama ilivyo kwenye pakiti ya biskuti. Anayetuuzia moshi asiwe na siri kuliko anayetuuzia biskuti.

Tena ataje na nchi. Malawi ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa burley duniani. Enzi za Banda mkulima mdogo alikatazwa kuilima, ilikuwa mali ya mashamba makubwa, na ruhusa ilianza kutolewa mwaka 1990 tu. Novemba 2019 Marekani ilizuia tumbaku ya Malawi kwa tuhuma za kazi za kulazimishwa na ajira ya watoto, kabla ya kulegeza baadaye kwa kampuni fulani. Mtoto anayevuna jani lenye umande ananyonya nikotini kwa ngozi, anatapika, kichwa kinazunguka. Hajavuta chochote. Ukimwambia kwamba hii ni tumbaku laini sijui atakujibu nini kwa Kichewa.

Najua atatokea wa kusema: "Kwani wewe nani, acha watu wavute." Wavute. Mtu mzima na mapafu yake, kama mtu mzima na mnazi wake mangweni. Ila mangweni hakuna anayekuambia mnazi ni maji. Muuzaji anakutajia ni wa leo au wa jana, mkali au mtamu, nawe unaamua kwa macho yako.

Ninachopigania kina umri wa miaka kumi na tisa. Ni kijana anayekuja kwangu Jumamosi kujifunza kuandika programu, ana akili inayonitisha. Sigara hakuwahi kuigusa, mamake alimkataza. Mwezi uliopita aliniuliza, kwa adabu zote, kama naweza kumsaidia kuchagua kiko, maana amesikia kwa wakubwa kwamba burley ni laini na ni ya asili, kwa hiyo hiyo haihesabiki. Hakulisikia kwenye tangazo, maana matangazo yamekatazwa. Amelisikia barazani kwetu.

Nilimwonyesha kopo, nikamwacha anuse, nikalifunga. Kisha tukarudi kwenye somo lake la orodha na vielekezi, ambalo nitaliandika hapa wiki ijayo kwa wale mlioniomba.