MAFUTA YA MSAFARA WA BODA: TUJADILI KABLA YA JUMAMOSI

Jumamosi tunapokea viongozi wa Kata na nimeshaulizwa mara tano: "Katibu, mafuta ya boda yapo?"

Mapokezi yaliyopita tulitoa lita 2 kwa kila boda, boda 30, jumla lita 60. Kijana wetu mmoja akaanguka: amepakia mishikaki, bendera mkononi, kofia ngumu inaning'inia kwenye usukani. Fedha tulizochangishana kwa ajili ya mguu wake zilizidi gharama ya mafuta yote. Daftari ninalo, anayetaka kuliona aje.

Magari nayo hupata ajali, sibishi. Ila kwenye gari una bodi na mkanda. Kwenye pikipiki bampa ni goti lako. Marekani, kwa kila maili inayosafiriwa, vifo vya wapanda pikipiki ni zaidi ya mara 20 ya vifo vya waliomo kwenye magari. Kofia ngumu hupunguza uwezekano wa kufa kwa takriban asilimia 42, lakini iwe kichwani.

Boda ni ajira ya vijana wetu, na hata mimi leo nimekuja ofisini kwa boda. Ninachokataa ni fedha ya Tawi kulipia msafara wa namna ile.

Napendekeza fedha hiyo ikodi Coaster, ipige tripu mbili. Boda za kutangulia ziwe 4: abiria mmoja, kofia mbili, bendera ifungwe kwenye pikipiki.

Kikao ni Alhamisi saa 10 jioni. Asiyekubaliana nami aje na hesabu yake.

Katibu wa Tawi